Bwana Giza na Chachu ya Bi Tanuri

Bi Tanuri alikuwa na mikono ya unga na ulimi wa moto, na mtaa ulivihitaji vyote viwili: mikono asubuhi kwa ajili ya mkate, ulimi mchana kwa ajili ya habari. Jina hilo alipewa na wateja, nusu kwa sababu ya kazi yake na nusu kwa sababu ya hasira zake, ambazo zilipanda upesi na kushuka upesi, mradi asiwepo wa kuzichochea. Alikuwa mjane, mnene, mcheshi, na hajawahi kufunga duka kwa sababu ya mafua.

Katika chumba cha nyuma cha duka lake la mikate, kwenye rafu iliyokaa mbali na tanuri, palikuwa na bakuli la udongo lililofunikwa kitambaa. Humo ndimo alimolala mtoto. Usishtuke, mtoto ni jina walilolipa donge la unga uliochachuka, la ukubwa wa ngumi, ambalo ndilo lililoumua mikate yote ya siku iliyofuata. Kila alfajiri lilikandwa pamoja na unga mpya na maji, na kabla chumvi haijaingia Bi Tanuri alikata donge jingine, akaliviringa, akalilaza bakulini. Mtoto wa leo alitokana na wa jana, wa jana na wa juzi, hivyo hivyo mpaka kwa mama yake Bi Tanuri na kwa bibi yake. Hamira ya dukani aliijua, na aliisengenya kila alipopata nafasi.

Chumvi ilikuwa kazi ya Kobe, mchoma mikate wake, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbilia jambo lolote, hata mshahara. Kabla ya kumwaga chumvi Kobe aliuliza, "Mtoto amelala?" Bi Tanuri akajibu, "Amelala." Ndipo chumvi ikaingia. Waliulizana hivyo tangu marehemu mumewe yu hai, na hapakuwa na siku ya kazi waliyoruka.

Jambo moja tu lilimnyima raha. Binti yake wa pekee alikuwa fundi wa miwani, mwenye koti jeupe na kucha safi, na unga hakutaka hata kuusogelea. Bi Tanuri alijivunia binti huyo mbele za watu mpaka wateja wakachoka, lakini akiwa peke yake aliitazama ile rafu na moyo ukamwuma. Siku atakayofumba macho, mtoto atakosa wa kumlaza, na mkate wa ukoo wao utaishia hapo.

Sasa binti akaleta mchumba.

Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye miwani aliyotengenezewa na binti mwenyewe, na alikula vipande vinne vya mkate kabla hajaulizwa neno. Kwa hilo Bi Tanuri alianza kumpenda. Kisha akafanya kosa la kumwuliza kazi yake. Kijana akajibu kwamba yuko kituo cha utafiti wa hali ya hewa, na Bi Tanuri akafurahi, akamwuliza kama kesho kutakuwa na mvua. Kijana akasema hilo wanalijua wenzake wa chumba cha pili. Yeye anahesabu hali ya hewa ingekuwaje dunia nzima iwapo mataifa yangepigana kwa mabomu ya nyuklia.

Binti alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini kijana alikuwa ameshashika njia. Alieleza kwa adabu, na kwa furaha ya mtu aipendaye kazi yake, kwamba mabomu ni mwanzo tu. Miji ikiungua, masizi yake hupanda. Akanyoosha kidole juu ya tanuri. Ukuta ulikuwa mweupe kwa sababu Kobe aliusugua kila jioni, na dari ilikuwa nyeusi tititi.

"Ukuta ni safi kwa kuwa mkono unaufikia, mama," alisema. "Mvua ndiyo mkono wa dunia. Moshi wa kawaida mvua inauosha. Lakini masizi ya moto mkubwa namna hiyo yanapanda juu ya mawingu, na huko hakuna mvua. Yanakaa miaka. Yanaenea kila nchi, hata zile ambazo hazikurushiana hata jiwe. Jua linafifia, baridi inaingia, mvua inapungua, ngano inagoma."

"Ngano inagoma," Bi Tanuri alirudia.

"Wengi zaidi wangekufa kwa njaa kuliko kwa mabomu yenyewe."

Alisema hivyo huku akijipakulia kipande cha tano. Bi Tanuri alikiangalia kile kipande kikienda mdomoni. Mtu amekaa kwenye kiti chake, anakula mkate wake, na anamwambia ngano itaisha. Hajapata kusikia mkosi ukitamkwa waziwazi namna ile, tena na mdomo uliojaa. Akaondoa sinia mezani.

Kuanzia siku hiyo kijana akawa Bwana Giza. Wateja waliipata habari yote pamoja na mkate wao, nayo ilizidi kutiwa chumvi kila ilipovuka kaunta, mpaka ikafika kwa fundi viatu wa kona kwamba binti wa Bi Tanuri anaolewa na mtu anayelipwa kuombea jua lizimike. Binti alimsihi mama yake. Alimwambia kwamba anayehesabu ajali si yeye anayeisababisha. Bi Tanuri alijibu kwamba hajamkatalia mtu, ila moyo wake haujatulia, na mama ambaye moyo wake haujatulia hapokei posa. Binti alilia. Hakuwa mtu wa kulia ovyo, na mama yake alilijua hilo, kwa hiyo akatafuta njia ya kukataa bila kuonekana amekataa.

Alimwita Bwana Giza dukani, akakata donge dogo kutoka kwa mtoto, akalitia kwenye kibakuli.

"Wewe unayejua njaa ya dunia nzima, lisha huyu mmoja," alimwambia. "Kila siku unga na maji, hatoki kwenye kivuli, hapigwi na joto kali wala baridi kali. Mwezi ukiisha akiwa hai, njoo na wazazi wako. Akifa, usijisumbue."

Bwana Giza alikipokea kibakuli kwa mikono miwili, akamshukuru mno. Bi Tanuri alimsindikiza mpaka mlangoni akiwa amebana kicheko. Majirani waliowahi kumwomba donge wote walimwua, tena watu wazima waliozoea jiko. Huyu anayesahau hata kufunga kamba za viatu angemwua kabla hajafika kituoni.

Mwezi ukaenda. Binti aliacha kulia, akawa anaamka mapema na kuimba bafuni, jambo lililomshangaza mama yake kidogo, lakini hakuliuliza. Zilikuwa zimebaki siku chache tu. Alfajiri moja, wakati wa kukanda, Bi Tanuri alianza kumwigizia Kobe jinsi Bwana Giza atakavyoingia: miwani imeteleza puani, kibakuli kinanuka, wazazi wamesimama nje na nguo zao za heshima. Aliigiza sauti, akaigiza mwendo, akaigiza hata kupiga chafya. Kobe, ambaye hucheka mara chache na polepole, safari hii alishika mbavu. Akiwa bado anafuta machozi alichukua chombo cha chumvi.

"Mtoto amelala?"

"Amelala," alisema Bi Tanuri, akaendelea na pale mama mkwe wa upande wa pili anapoziba pua.

Chumvi ikaingia. Unga ukakatwa, ukaviringwa, ukaingia tanurini wote. Mikate ilitoka mizuri ajabu siku ile, ikaisha kabla ya jua kukolea.

Ilikuwa adhuhuri, Kobe ameshaosha mashine kwa maji ya moto, Bi Tanuri alipofunua kitambaa ili ampe mtoto hewa. Bakuli lilikuwa tupu. Alilifunika tena, akalifunua tena. Akatazama chini ya rafu, ingawa donge halina miguu. Kisha akakaa kwenye gunia la unga.

"Lakini ulisema amelala," Kobe alisema.

Bi Tanuri akaligeuza bakuli juu chini. Mtoto aliyepita mikononi mwa mama yake na bibi yake, aliyevuka safari, misiba na miaka ya unga wa shida, yeye alikuwa amemwuza kwa wateja katika hali ya kicheko. Alimwapisha Kobe asimwambie mtu, hasa binti. Kisha akakumbuka lile donge dogo la Bwana Giza.

Mwezi mzima alikuwa anaomba life. Sasa, njia nzima kuelekea kituo cha utafiti, na aproni kiunoni, alikuwa anaomba liwe hai. Akijua fika kwamba likiwa hai atapokea posa. Afadhali posa, alijisemea. Hata zije posa mbili.

Chumba cha Bwana Giza kilikuwa mwisho wa ukumbi, kimejaa nyaya, vikombe vyenye mabaki ya chai, na kompyuta kubwa iliyonguruma kwenye pembe. Alipomwona mama mkwe mtarajiwa mlangoni alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Yuko wapi?" aliuliza Bi Tanuri.

Bwana Giza hakuuliza nani. Alifungua kabati, akatoa kibakuli, akakiweka mezani kama mtu anayekabidhi silaha. Ndani mlikuwa na kitu kigumu, cha kijivu, kilichopasuka katikati. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba alimweka juu ya kompyuta akidhani atapenda uvuguvugu, na wiki hiyo kompyuta ilifanya kazi nzito bila kupumzika. Alikusudia kuja kusema mwenyewe siku ikifika. Hakutafuta visingizio.

Bi Tanuri alikaa. Hakuwa na nguvu za kufoka. Alikuwa ameshinda, na ushindi ule haukumfaa kitu. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, ilikuwapo picha ya dunia nzima, duara, na juu yake utando wa kijivu uliokuwa ukitambaa polepole kutoka sehemu moja mpaka ukaifunika yote. Kisha picha ikaanza upya.

"Ndiyo hayo masizi?" aliuliza, ili tu asilie.

"Ndiyo, mama. Hapa miji imeungua. Hapa zimepita wiki chache tu."

"Na sisi tuko wapi?"

Akamwonyesha. Walikuwa mbali kabisa na moto, na utando ulipita juu yao vile vile, ukatulia. Bi Tanuri aliutazama kwa muda mrefu. Akawaza tanuri lake likiwa la baridi, na foleni ya wateja wake mlangoni, fundi viatu, walimu, wauguzi, wote kwa ugomvi wa watu wasiowajua. Huruma ilimjaa ghafla, na hasira yake, ambayo siku zote ilijua pa kwenda, safari hii ilimruka Bwana Giza ikaenda kwa hao wenye mabomu.

"Wewe unakaa na haya kila siku," alisema. "Huogopi?"

"Naogopa. Ndiyo maana nahesabu. Wanaoweza kutoa amri wajue mapema kwamba hakuna atakayebaki na mkate, hata mshindi. Mimi naomba nife mzee, mahesabu yangu yote yawe hayakutumika. Sitakuwa na kazi niliyoifanya vizuri kuliko hiyo."

Bi Tanuri aligeuka kutoka kwenye kioo, akamtazama. Mkosi aliousikia mezani kwake siku ile sasa aliusikia tofauti. Kumbe kijana alikuwa anaulinda mkate wenyewe aliokuwa akiutafuna. Aibu ikampata, akajifuta uso kwa aproni na kubaki na unga kwenye nyusi. Kisha akamwambia ukweli wote, tangu kicheko cha alfajiri mpaka bakuli tupu. Hakubakiza hata lile igizo la chafya.

Bwana Giza alisikiliza huku macho yakimpanuka. Alipoelewa kwamba hakuna mtoto mwingine popote, alianza kukuna kichwa.

"Mama, usinikasirikie. Mimi sikumweka mahali pamoja."

"Unasemaje?"

"Kazi yangu imenitia ugonjwa. Nikiona chakula kiko mahali pamoja, silali. Siku ile ile uliyonipa nilimlisha, alipokua nikamgawa mara tatu."

Bi Tanuri alimshika mkono wa shati, akaomba apelekwe kwa hao wawili mara moja. Wa pili alikuwa kwa jirani yake, fundi baiskeli. Bwana Giza alimpigia simu. Fundi baiskeli alijibu kwa furaha kwamba mkewe aliliona donge limefura vizuri, akalichoma kwenye kikaango, na watoto wanauliza kama lipo jingine. Bi Tanuri alisikia kila neno, akafumba macho.

"Na wa tatu?"

Bwana Giza alitazama viatu vyake, na kamba kweli zilikuwa zimefunguka. Alisema ameapishwa asiseme. Bi Tanuri akamwambia kwamba kiapo chochote alichokula anakitengua yeye, kwa mamlaka ya umri wake.

"Yuko kwako, mama. Chumbani kwa binti yako."

Alivyofika nyumbani hakuna ajuaye, yeye mwenyewe akiwamo. Alimkuta binti ndiyo kwanza ametoka kazini. Hakumsalimu. Alipita moja kwa moja mpaka kabati la chumbani, akasogeza maboksi ya fremu za miwani, na nyuma yake akalikuta bakuli la kioo lenye kitambaa safi. Alikifunua. Mtoto alikuwa amefura, mweupe, ana matundu, mzima kuliko wote aliowahi kuwalaza. Harufu ile ile ya mama yake ikampanda puani. Mwezi mzima alikuwa amepita mlangoni pale asiinuse, kwa sababu yeye mwenyewe alinuka hivyo hivyo kutwa.

"Nilitaka tu kumsaidia," binti alianza kujitetea. "Nilijua atamwua. Nilisema nitamtunza huyu mpaka siku ya mwisho, halafu nimpe ajifanye ni wake. Najua ni udanganyifu, mama."

"Nani anamlisha?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Ukishatoka tu kwenda dukani." Binti akainamia kucha zake, na Bi Tanuri naye akaziangalia, akaona kwenye pembe za kucha zile safi mstari mwembamba wa unga. "Mwanzoni ilikuwa kazi. Sasa nikiamka namkimbilia kwanza yeye kabla ya kunawa uso. Juzi nilioka mkate mmoja mdogo, ukaungua chini. Nikaula wote peke yangu."

Bi Tanuri alikaa kitandani na bakuli mapajani. Alitaka kugomba kuhusu udanganyifu, alikuwa na kila haki, na badala yake kicheko kikamtoka, kikaja na machozi, na binti aliyekuwa hajui chochote kuhusu bakuli tupu akadhani mama yake ameugua. Ilibidi aelezwe. Alipoelezwa naye akacheka mpaka akakaa sakafuni. Walikuwa wakitulia, mmoja akisema "amelala," wanaanza upya.

Bwana Giza aliitwa dukani alfajiri iliyofuata. Alikuja amevaa suti, kwa kuwa hakuambiwa anaitiwa nini, na kabla ya salamu kwisha akatangaza kwamba kwa haki ameshindwa: aliyekabidhiwa mkononi alifia mkononi, na hawezi kuchukua sifa ya kazi ya mwenzake. Kobe, aliyekuwa anapepeta unga, alitikisa kichwa kwa kumhurumia mtu anayejichimbia shimo.

"Wangu pia alifia mkononi mwangu," alisema Bi Tanuri. "Na mimi sina kompyuta ya kusingizia. Vua koti hilo."

Alimfunga aproni yeye mwenyewe, na kamba za viatu akamwagiza binti. Wakakanda, wote wanne, kwa chachu iliyotoka chumbani kwa fundi wa miwani. Bwana Giza alipaka unga kila mahali isipokuwa kwenye beseni. Binti alikanda kwa mikono ya mtu aliyejifunza peke yake, vibaya kidogo na kwa moyo wote, na mama yake alijizuia kumsahihisha mara nyingi kuliko alivyowahi kujizuia maishani. Unga uliposhikana, Bi Tanuri alishika kisu. Alikata donge la kwanza, akalilaza kwenye bakuli la udongo. Akakata la pili, akampa binti. Akakata la tatu, akalitia kwenye kile kibakuli cha Bwana Giza, ambacho kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa. Binti akavipanga vyote vitatu rafuni, akavifunika vitambaa.

Kobe akachukua chombo cha chumvi.

"Mtoto amelala?"

Jibu lilikuwa limeshafika ncha ya ulimi wa Bi Tanuri. Alilimeza. Alimgeukia yule kijana mrefu aliyesimama na unga kwenye miwani.

"Mkwe," alisema, "nenda kaangalie."

Bwana Giza alisimama kidogo bila kusogea, mpaka binti alipomsukuma bega. Akaenda kwenye rafu, akafunua kitambaa kimoja, cha pili, cha tatu, akavifunika tena kwa uangalifu.

"Wamelala, mama," alisema. "Wote."

Kobe akamwaga chumvi.